Nyasi Bandia Penye Managu ya Jerusa

Jumapili, 30 Machi 2025
Nimechoka na sijafanya kitu. Ndivyo kustaafu kulivyo. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha chai, na hapa Kipkelion kila mtu alikuwa na jambo la kuniambia. Sasa ni mwaka wa pili hakuna anayebisha mlango. Leo baada ya kanisa wanaume wamepita langoni kwangu wakienda kwa jirani yangu Kipkurui kutazama mpira. Kipkurui amenialika, kama kila Jumapili. Nimekataa. Mtu hawezi kuwa mgeni siku zote. Lazima naye apokee wageni.
Dawa nimeipata. Uwanja mdogo wa nyasi bandia nyuma ya nyumba. Voliboli, badminton. Kipkurui ana televisheni tu.

Jumanne, 1 Aprili
Nimepima ua wote kwa hatua. Huku kwetu ni mteremko mtupu. Mpira ukikuponyoka utaufuata hadi Fort Ternan kule chini. Pahali tambarare ni hapo tu penye shamba la mboga la mke wangu Jerusa. Managu, sukuma, vitunguu. Alipasawazisha mwenyewe kwa jembe, misimu mitatu.
Nimemwambia daktari alitaka nifanye mazoezi kwa ajili ya presha. Amesema daktari alitaka nitembee. Nimeahidi kumlimia shamba jingine, kubwa zaidi, wiki hii hii. Amenitazama sana.
“Baba Akello,” akasema, “hilo jingine lichimbwe kwa jembe, si kwa mdomo.”
Nimechukua hiyo kuwa ruhusa.

Ijumaa, 4 Aprili
Fundi Sagini amefika kutoka mjini na zulia la nyasi bandia. Ameshaweka kama hilo katika saluni mbili na hoteli moja. Anasema tuchimbe, tutengeneze mtaro wa kutoa maji, tumwage kokoto, tushindilie, ndipo tutandike. Siku nane. Nimemwambia nataka uwanja Jumapili. Amesema mvua ya Aprili haingoji Jumapili. Nimemjibu kwamba nimepima majani mabichi ya chai maisha yangu yote, maji nayajua.
Mtaro tumeacha. Kokoto tumeacha. Mboga tumeng'oa, udongo tumekanyaga kwa miguu. Sagini ameomba niandike kwenye karatasi kwamba ni mimi niliyekataa. Nimeandika. Mwandiko wangu bado mzuri.
Jerusa ameokota managu yaliyong'olewa, akayapika. Tumeyala.

Jumapili, 6 Aprili
Uwanja tayari. Kijani kuliko chai yenyewe. Nimetangaza baada ya ibada. Wamekuja wanaume wawili. Wameisifu rangi. Mmoja ameuliza nyasi hizo hukatwa mara ngapi. Kisha mechi ikaanza kwa Kipkurui, wakaaga.
Nimecheza badminton peke yangu. Kumbe ni mchezo wa kuokota.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua tangu jana mchana. Asubuhi nimekuta uwanja umevimba katikati kama andazi. Nimepanda juu niushushe. Umeshuka niliposimama, ukainuka pengine. Nimeufuata huko. Saa nzima hivyo. Mwishowe ukingo mmoja ukafunguka na maji yote yakatoka kwa pamoja.
Yamepita juu ya kitalu cha Jerusa. Sikujua ana kitalu. Alikuwa ameanza kulima lile shamba jingine mwenyewe, nyuma ya choo, kwa kuwa mimi sikuanza. Miche yote imekwenda.
Hakulia. Afadhali angelia. Amefunga kibegi, akasema anakwenda kwa dada yake Esnah kule Ndanai, apumzike kidogo. Nimemuuliza kidogo ni siku ngapi. Amesema hajui.

Alhamisi, 10 Aprili
Ugali umeungua. Nimeula. Nimempigia Jerusa, Esnah akapokea na kusema analala. Saa nne asubuhi.
Kipkurui amekuja kutafuta ng'ombe wake. Amemkuta kwangu, amesimama kwenye uwanja, analamba nyasi na kuziacha. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya uvimbe mpya, niuzuie.  Amemchukua ng'ombe wake, akaenda.

Jumamosi, 12 Aprili
Leo Kipkurui amerudi na wanaume saba na majembe. Wamekunja zulia, wamechimba mtaro mpaka mtoni, wamerudisha nusu ya shamba kwa ajili ya mboga. Nusu nyingine wametandika tena, vizuri. Saa nane wamechoka wakaketi juu yake. Nimechemsha chai. Wameinywa bila kulalamika. Tumeongea habari za kiwanda, za watu waliokufa, za mizani iliyokwama mwaka ule wa ukame. Hata jua lilipoelekea kuzama walikuwa bado wapo.
Jerusa ametokea langoni na kibegi chake na fungu la miche kutoka Ndanai. Amewaangalia wale wanaume waliojaa ua mzima, akaenda kupanda. Nilimshikia jembe. Alinivumilia.
Wakati wa kuondoka Kipkurui amenishika bega. “Mzee Kepher, hata ungetandika gunia tungekuja. Ungesema tu.”
Maneno mazuri. Lakini gunia halina mistari ya uwanja.
Kesho wote wamesema watakuja kwangu. Wote. Lazima mambo yawe na utaratibu. Uwanja si mkeka. Nimeandika kanuni kumi na mbili, nimezipigilia kwenye mti. Kanuni ya kwanza: hakuna kuketi.

Jumapili, 13 Aprili
Wamekuja wote wanane, na chupa ya chai. Wamesimama mbele ya mti na kusoma mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha wameaga, wakaenda kwa Kipkurui. Jerusa naye amewafuata, na kiti chake.
Naona herufi zilikuwa ndogo. Kesho nitaziandika upya, kubwa, kwa rangi nyekundu.