Joho la Fedha kwa Pikipiki ya Sheikh Jaffar

Njaa ya siku moja na nusu ndiyo iliyomfumbua macho Shamsudin. Pikipiki ya Sheikh Jaffar ilikuwa imesimama uani wiki tatu, lango wazi makusudi, na nusu ya Mombasa ilikuwa imepita Ndia Kuu kuitazama. Watu walisifu magurudumu, wakasifu kiti cha ngozi. Shamsudin peke yake ndiye aliyeiona ila yake.

"Subulkheri, Sheikh," alisema, mkono kifuani, kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi.

"Subulkheri. Wataka nini?"

"Mimi sitaki kitu. Nimeona aibu tu, nikasema nisipite kimya. Sheikh, injini yako iko uchi."

Sheikh Jaffar aligeuka kutazama. Kweli, vyuma na mishipa ya injini vilikuwa nje nje, na tone la mafuta likining'inia chini kama kamasi.

"Kwani za wenzangu zakaa vipi?"

"Za watu wa kawaida zakaa hivi hivi. Za wakubwa wa Bombei huvishwa joho. Vifuniko vya fedha, ubavu huu na ubavu huu, vimenakshiwa mauwa na jina la mwenyewe. Ikipita, hakuna asemaye 'pikipiki imepita'. Wote husema, 'Sheikh Jaffar amepita.'"

Shamsudin hakuwahi kufika Bombei. Mwisho wa safari zake ulikuwa Changamwe, na huko alikwenda kwa kukimbia mtu.

Jirani wa mbele, Bwana Akil, alikuwa na troli yake mwenyewe ya kusukumwa na watumishi kwenye reli za mjini, na pazia la hariri juu yake. Sheikh Jaffar aliitupia jicho troli ile, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Na huyu Akil, hana fedha kwenye troli yake?"

"Hariri tu. Nayo hariri, Sheikh, chakula cha nondo."

Mambo yakaisha hapo. Haifai kumcheka Sheikh, kwani alikuwa mtu wa heshima zake. Kosa lake ni kwamba pikipiki aliinunua kwa mzungu wa reli aliyekuwa akirejea kwao, akaipanda mara moja tu, ikamtia bandani mwa kuku. Tangu siku hiyo aliiogopa kama mkwe. Kitu usichoweza kukipanda, basi angalau ukipambe.

Fedha ilitoka mahali ambapo fedha ya waume wengi hutoka: sandukuni mwa mke. Bi Hind alikuwa na jozi mbili za mitali ya fedha ya kuvaliwa miguuni, mizito, aliyoirithi kwa nyanyake. Aliitoa bila kusema neno. Mwenye akili angeogopa kimya kile. Shamsudin aliifunga mitali kwa kitambaa akaenda kumtafuta Crispus.

Crispus alikuwa fundi wa Frere Town aliyejifunzia ufundi kwenye karakana ya reli. Vidole vyake vingeweza kufungua saa na kuifunga tena bila ya kubaki skrubu mkononi. Shamsudin alimuahidi nusu ya mitali, moyoni akanuia robo. Crispus aliijua robo ile. Hii ilikuwa mara yao ya tatu kufanya kazi pamoja.

Fundi alikata shaba ya masufuria makuukuu, akaipinda, akaigonga mauwa na jina la Sheikh, kisha akaitia bati mpaka ikang'aa kama mbalamwezi. Siku tatu alilala chali uani akivifunga vifuniko. Shamsudin, kwa kuwa kanzu yake nyeupe ilikuwa moja tu, alisimamia kazi kutoka barazani, kahawa mkononi. Siku ya tatu Crispus alitoka na mkokoteni wa magunia ya takataka. Shamsudin alimshikia lango, hata akamsaidia kuusukuma kwenye kizingiti.

Sheikh Jaffar alipoona alikaribia kulia. Bwana Akil aliona vilevile, akaingia ndani bila ya kusalimu.

Asubuhi ya pili Shamsudin aliitwa. Bi Hind alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia.

"Nimeikwaruza fedha yako kwa pini, Shamsudin. Ni bati."

Ulimi wa Shamsudin ulitafuta mlango wa kutokea. "Bi Hind, fedha ya siku hizi..."

"Nyamaza unisikize. Mume wangu aapa ataipanda siku ya Maulidi. Nitakaa eda, niwe kizuka, kwa sababu ya chuma! Nirudishie mitali yangu, nawe uchukue pikipiki. Adhuhuri hulala, na lango nitaliwacha wazi. Ukikataa, nitamwamsha nimuoneshe pini."

Shamsudin aliinamisha kichwa kwa huzuni kubwa, maana uso wake ulikuwa ukicheka. Mwembe Tayari palikuwa na mzungu wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akitafuta pikipiki. Mitali ya nini tena? Mtu apewe ng'ombe kwa yai, akatae?

"Kwa ajili yako, Bi Hind," alisema, "nitabeba mzigo huo."

Adhuhuri alirudisha mitali, yote minne, akaitoa pikipiki kwa kuisukuma. Ilikuwa nzito, na uzito ule ulimpendeza. Aliyemuuliza alimjibu, "Naipeleka ikatiwe mafuta." Jua lilimchoma, akatota jasho, naye akiimba kimoyomoyo.

Mzungu aliizunguka pikipiki mara mbili, akaipanda, akapiga teke la kuwasha. Kimya. Akapiga tena. Ndani mwa joho kitu kiligonga *ko*, kama mlango wa jiko. Mzungu akaitisha bisibisi, akafungua kifuniko. Yakaporomoka makumbi ya nazi, na nyuma yake mafiga matatu, bado yana masizi.

Watu wa Mwembe Tayari walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Shamsudin aliyatazama mafiga, akaukumbuka mkokoteni, na mikono yake miwili ikiusukuma kwenye kizingiti.

Kabla hajapata pa kukimbilia, Sheikh Jaffar, aliyeamshwa na mkewe, alitokea akihema, kilemba upande, askari nyuma yake.

"Pikipiki yangu!"

"Sheikh!" Shamsudin alimwangukia miguuni. "Alhamdulillahi umefika! Wezi walikuwa wameiiba. Nimewafukuza kwa miguu, nimewapokonya! Ila injini, Sheikh, hiyo wamekwenda nayo."

Askari alikohoa. Hakuamini hata herufi moja.

Sheikh Jaffar aliinama akachungulia pale palipokuwa injini. "Yaani haitanguruma tena?"

"Haitanguruma."

"Wala kuruka?"

"Haiwezi, Sheikh. Imekuwa pole kama kitanda."

Uso wa Sheikh ulifunguka taratibu, kama wa mtu aliyesamehewa deni. Akavirudishia vifuniko vyake kwa mkono wake mwenyewe, akapanda, akanyoosha kilemba, akajiangalia kwenye bati.

"Askari, huyu ni mtu wangu. Lakini usiende mbali," alisema. "Shamsudin, sukuma."

Shamsudin akasukuma, kutoka Mwembe Tayari hadi Ndia Kuu, na kesho yake, na kila alasiri baada ya hapo, maana kila alipochelewa, askari alipelekewa salamu. Huko Tononoka, kwenye shamba la minazi la Bi Hind, injini ilianza kuvuta maji ya kisima, na Crispus alipata nusu ya mapato, nusu kamili, kama Bi Hind alivyomuahidi kabla ya mkokoteni kutoka. Bi Hind hupita dirishani miguu ikilia kwa fedha.

Mwezi wa pili, walipokuwa wakipandisha mwinuko wa Ngomeni, Sheikh Jaffar aligeuka akasema, "Nafikiri na magurudumu nayo tuyatie fedha. Waonaje?"

Shamsudin alisimama, akafuta jasho kwa mkono wa kanzu iliyokuwa nyeupe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwambia tajiri ukweli.

"Usifanye, Sheikh. Itakuwa nzito."