Pedali Inayozama

Jumatatu, 4 Machi

Nimebadilisha breki za mbele mwenyewe. Kalipa mbili mpya, vile vyuma vya kubania pedi, pedi nne mpya, saa tano za kuchuchumaa. Kalipa za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, hazibani pedi wala haziachii. Fundi wa kweli angemaliza kwa saa mbili. Lakini fundi wa kweli ninayemjua ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na huyo simwendei. Mwaka jana alinibadilishia betri. Mpaka leo kila akija kula anauliza betri inaendeleaje, utadhani ni mtoto wake aliyeniachia nimlee.

Nikanawa mikono, nikaingia garini, nikakanyaga. Pedali ikazama mpaka sakafuni. Laini, kama kukanyaga mto wa kulalia.

Mke wangu akauliza kutoka mlangoni kama gari limepona. Nikamwambia pedi mpya huhitaji muda wa kuzoeana na gari. Sijui nililitoa wapi hilo. Lilisikika vizuri.

Gari linahitajika Jumamosi. Mama mkwe, tunayeishi naye, anakwenda kwa mdogo wake, mwendo wa saa tatu, milima mitatu njiani. Hawajasemezana miaka kumi na mmoja. Wiki iliyopita mdogo mtu alituma ujumbe: macho yanafifia, njoo nikuone kabla hayajafunga kabisa. Mama mkwe aliusoma mara mbili, akaiweka simu chini ya kitambaa cha meza, akaniomba nimpeleke. Mimi, si mwanawe fundi. Nilipenda kuombwa. Nikisema ukweli, hiyo ndiyo sababu ya mambo yote haya.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma kitabu cha gari. Pedali laini baada ya matengenezo maana yake kuna hewa kwenye mabomba. Mafuta ya breki hayabonyei, hewa hubonyea. Dawa yake ni kutoa upepo: mmoja anakanyaga, mwingine analegeza kiskrubu kwenye kalipa, mafuta yanatoka na hewa.

Mke wangu yuko kazini. Mama mkwe akavua viatu, akakaa kwenye usukani, akasema miguu yake haina shughuli. Nikalala kando ya gurudumu na spana na chupa ya jamu ya kukingia mafuta. Kanyaga. Shikilia. Achia. Mara arobaini kila upande. Vipovu viwili vitatu, kisha hakuna kitu.

Katikati ya kukanyaga akaanza kuzungumza. Hakuniangalia. Alikuwa anakiambia kioo cha mbele.

"Ilikuwa kwenye arusi," alisema. "Mdogo wangu aliniambia nimemdekeza mwanangu. Nikamjibu asinifundishe kulea, yeye aliyeshindwa kuzaa. Watu wote walisikia."

Nilikuwa nimelala chali, mafuta yananichuruzika kwenye kiwiko.

"Kanyaga, mama," nikasema. Akakanyaga.

Pedali bado laini.

Jumatano, 6 Machi

Kazini. Mimi ni mpima macho. Katika kazi hiyo sijawahi kulalamikiwa, isipokuwa na bibi mmoja aliyevaa miwani ya mumewe kwa mwezi mzima.

Nikabuni njia ya kupata elimu ya shemeji bila shemeji kujua. Nikampigia simu, nikasema kuna mwenzangu ofisini ana tatizo la breki. Akauliza pedali ikipigwapigwa inakuwa ngumu? Nikasema ndiyo, kisha inalegea tena. Akasema basi hewa imo bado. Akauliza gari la huyo mwenzangu ni la rangi gani. Nikasema kijani. Gari langu ni kijani. Nikaongeza haraka kwamba ni kijani kingine.

Kisha akasema kuna kosa moja ambalo watu hulifanya sana wakifunga kalipa. Nikamwambia nina mgonjwa mbele yangu, nikakata simu. Sikuwa na mgonjwa. Sikutaka kusikia neno "watu" likitamkwa namna ile.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefikiri sana, nikapata jawabu. Kama pedali inashuka kuufuata mguu, basi mguu usifuatwe mbali. Nikafunga kipande cha ubao juu ya pedali kwa waya. Sasa mguu unakutana na breki mapema. Nikajaribu gari likiwa limesimama. Raha tupu.

Nikamwalika mama mkwe tushuke nalo hadi getini, apate imani. Akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani. Njia yetu ina mteremko mdogo. Nikakanyaga. Ubao ukapinda upande, ukakwama chini ya pedali, na breki ikawa haipo kabisa. Tulipita getini kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, tukavuka barabara, tukaingia kwenye ua wa michongoma wa jirani. Breki ya mkono niliikumbuka tukiwa tayari ndani ya majani.

Jirani alitoka na kikombe mkononi. Akatutazama, akarudi ndani. Nadhani alikwenda kumwita mkewe aje aone.

Nikamuuliza mama mkwe kama ameumia. Akasema hapana. Alikuwa anaokota majani kwenye mkoba wake, moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeshachelewa miaka kumi na mmoja. Nataka kufika."

Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha. Nimekaa na maneno hayo jioni nzima. Ule ubao niliufunga kwa ajili ya nani? Si kwa ajili yake. Niliufunga ili mtu mmoja asije kula kwangu na kuuliza breki zinaendeleaje.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda gereji kwa shemeji kwa miguu. Nilikuwa nimetunga maelezo njiani. Nilipofika nikasema tu kwamba gari ni langu. Akasema anajua. Akachukua sanduku la vifaa, tukarudi pamoja.

Akavua gurudumu, akachuchumaa, akatazama kwa muda wa kunywa maji. Kisha akaniuliza nilisimama wapi nilipokuwa nafunga. Nikasema mbele ya gari, nikilitazama. Na maboksi yalikuwa yameandikwaje? Moja kushoto, moja kulia. Na nilihesabu kushoto kwa nani?

Kwangu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kalipa ya kulia nimeifunga kushoto, ya kushoto kulia. Zimeingia bila ubishi, lakini kile kiskrubu cha kutolea upepo, ambacho lazima kikae juu, kimekaa chini. Hewa hupanda juu. Ikajikalia huko, na mimi nikatoa mafuta kwa chini, kikombe baada ya kikombe. Shemeji alisema ningeweza kuendelea hivyo mpaka mwakani.

Miaka kumi na tisa nakaa nikitazamana na watu. Jicho lao la kulia liko kushoto kwangu. Sijakosea hata siku moja. Shemeji hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Akazibadilisha. Mama mkwe akakaa tena kwenye usukani. Katikati ya kazi, shemeji akamuuliza, bila kuinua kichwa, kwa nini safari hii hakumwomba yeye.

"Ulikuwepo kwenye arusi ile," mama yake akasema. "Nilipomtukana mama yako mdogo, wewe ulicheka."

Spana ilisimama. Nilijifanya natafuta kitambaa. Shemeji aliuegemeza mkono juu ya chuma, mtu mzima mwenye mvi masharubuni.

"Kanyaga, mama," akasema, sauti ikiwa chini sana. "Kesho na mimi nakuja."

Vipovu vilitoka vingi, kama soda. Pedali ikakaa juu, ngumu.

Jumamosi, 9 Machi

Tumefika. Milima yote mitatu. Niliendesha mimi, shemeji amekaa nyuma na mama yake, mke wangu kando yangu akitazama mguu wangu kila kona.

Mama mdogo alikuwa amesimama barazani, uso ameuelekeza zilikotoka sauti za milango ya gari. Mama mkwe alimfikia, na kabla ya salamu akalisema lile neno, lote, kama alivyolisema siku ile, kisha akaomba msamaha. Shemeji naye akaomba wake, nyuma ya mama yake. Mama mdogo akasema halikumbuki neno kama hilo. Hakuna aliyemwamini. Akaushika uso wa dada yake kwa mikono miwili, akausogeza karibu sana, akautazama kipande kwa kipande.

Baadaye nikammulika macho kwa tochi yangu ndogo. Ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Hufanyiwa upasuaji, na watu huona tena. Nikamwandikia barua ya kwenda kwa daktari. Wiki nzima hii, hicho ndicho kitu pekee nilichokigusa nikijua ninachogusa. Nimelitafakari sana jambo hilo. Mtu ajue kazi yake, na ya mwenziwe amwachie mwenziwe. Nimeamua.

Jumapili, 10 Machi

Mlango wa mbele wa mama mdogo unaburuza sakafuni. Niliusikia nikinywa chai. Nikaung'oa.

Ulihitaji kupunguzwa kidogo tu chini. Nimeupunguza. Kisha nikaona upande mmoja umezidi, nikasawazisha. Sasa paka anapita chini yake akiwa amesimama, na matundu ya skrubu yamepanuka, bawaba hazishiki. Mke wangu ameuliza kama niliwahi kufunga mlango maishani. Nimemwambia mlango una tabia ya kuzoeana na fremu.

Hatuwezi kumwacha mama mdogo na nyumba iliyo wazi, kwa hiyo hatuondoki leo. Yeye na mama mkwe wamefurahi mno. Wameweka viti pale penye uwazi, bega kwa bega, wanacheka.

Shemeji ameleta sanduku lake, ameliweka karibu nami. Nimelisogeza pembeni kwa mguu, taratibu, kwa heshima. Mlango ni ubao na bawaba mbili tu. Mtu atakosea wapi hapo?