Malalamiko Dhidi ya Mwalimu Aliyemfungulia Mlango Mjukuu Wangu

Ndugu Mkuu wa Shule,

Pokea salamu za fundi cherehani, babu wa yule binti wa darasa la kwanza aliyeziba masikio Siku ya Wazazi, wewe ukiwa katikati ya hotuba, kisha akatoka nje, na mwalimu wake akamfungulia mlango. Nimesikia unataka kumhamisha mwalimu huyo kwa utovu wa nidhamu, na kwamba wazazi tuandike tunavyomwona. Nakuunga mkono kwa moyo wote. Sababu zangu ni hizi:

1. Ameniharibia jina. Sifa yangu mtaani ni mshono usioonekana. Yeye akaniletea sare ya mjukuu wangu na kuniomba, bila haya, niigeuze: mishono ikae nje, lebo ya shingoni niing'oe, eti inamkwaruza mtoto kama msasa. Nilishona huku nimenuna. Mtoto akaivaa kutwa nzima bila kuivua. Sasa wapita njia wananiuliza, "Mzee, macho yamegoma?"

2. Ametuvunjia vikao. Ukoo wetu ulikaa mara nyingi juu ya mtoto huyu asiyesema, tukafikia uamuzi mzuri: kosa ni la mama yake. Shangazi mtu alikuwa na ushahidi kabisa; alimwona mkwe wangu akila amesimama wakati wa ujauzito. Mara mwalimu akaja, akavua viatu, akaketi, akasema hali hii inaitwa usonji, mtoto huzaliwa nayo, wala haisababishwi na mama. Mkwe wangu alilia mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo tukikutana hatuna ajenda. Tunaangaliana tu.

3. Zamani tulimshika mtoto kidevu: "Nitazame ninaposema na wewe!" Mwalimu anadai huyu husikia vizuri zaidi akitazama kwingine. Ni kweli, na balaa ndipo lilipo. Juzi wageni wameketi, yeye anatazama feni, akatoa sentensi nzima, ya kwanza maishani mwake, kwa sauti ya shangazi yake hasa: "Hawa wakija hawaondoki mpaka sukari iishe." Shangazi aliyekuwa akiomba kila siku mtoto aseme, sasa anaomba anyamaze.

4. Amempa kadi za picha za kuombea anachotaka. Ya maji, sawa. Ya choo, sawa. Lakini iko moja ya mtu aliyeziba masikio, maana yake: punguza sauti. Nilikuwa namfokea mteja aliyesema suruali inambana, nikakabidhiwa hiyo. Nikajikuta nanong'ona. Mteja akauliza zinauzwa wapi. Hapo ndipo penye hatari, Ndugu Mkuu. Kadi hii ikisambaa, mke atampa mumewe, mjumbe atampa mwenyekiti, na siku moja mtu atapanda jukwaani amkabidhi mheshimiwa. Nchi itaendeshwaje kwa kunong'ona? Wewe mwenyewe ulihutubia huku kipaza sauti kikipiga mluzi mwanzo hadi mwisho. Aliyeziba masikio ni mtoto mmoja tu. Sisi wengine tulitabasamu, tukaumwa vichwa kwa adabu.

Kwa hiyo naomba mwalimu huyu apelekwe shule ambayo watoto wote wamekatwa kwenye jora moja. Naye mtoto akae nyumbani kama ulivyopendekeza, "mpaka awe kama wenzake". Tumeshamtengea kona nyuma ya pazia, mahali ambapo wageni hawatamwona, na sisi tukijitahidi tutamsahau.

Nisalimie walimu wote, wapishi, mlinzi wa geti, na kwa namna ya pekee yule aliyekukodishia kipaza sauti.

Wako mtiifu,
Fundi, babu wa mtoto

Nyongeza: Nilipokuwa nafunga bahasha, mjukuu wangu amekuja na kadi aliyoichora mwenyewe: cherehani, na pembeni yake mtu mwenye kipara. Mama yake anasema hapo anaomba kukaa nami kazini. Hajapata kuniomba kitu tangu azaliwe. Basi ukimhamisha mwalimu, tafadhali nitajie mapema shule anayokwenda. Itanibidi nitafute chumba cha kupanga karibu nayo, chenye nafasi ya cherehani na stuli mbili.