Maua Yangu Kwenye Mtungi wa Samli

Alhamisi, 10 Aprili

Siku sita zimebaki! Jumatano ijayo ufunguo wa ghala la ushirika utaning'inia kiunoni. Nikipita utalia cheng, cheng, na hata mbwa wa Buzian atasimama kwa heshima.

Niandike vizuri, maana siku moja watoto wangu watasoma. Oktoba, tulipomaliza kukausha bangi yetu, Si Lyazid (kwetu "Si" ni "Bwana"), mwenyekiti wa ushirika, alitangaza kwamba kiwanda cha dawa kinataka maua yanayokaa muda mrefu bila kuoza wala kupoteza harufu. Kila nyumba yenye kibali cha serikali cha kuilima ihifadhi yake kwa akili yake. Aprili yafunguliwe mbele ya mtaalamu. Mwenye maua bora ndiye mtunza ghala. Kiti, meza, ufunguo. Kwaheri nyumbu wa mizigo!

Wanaume wa maana katika shindano hili tuko wawili. Mimi, Mimun, miaka ishirini na mitatu, akili nyingi kuliko shule. Na binamu yangu Buzian, shule nyingi. Buzian ameweka maua yake kwenye chupa sita za kioo kabatini, na ndani ya kila chupa kuna kisaa cha kupima unyevu. Kila mgeni akija lazima afunguliwe chupa anuse. Anaandika namba kwenye daftari kama mkunga.

Mimi? Nimezika! Bibi Tlaitmas huzika samli ardhini, na samli ya harusi ya shangazi, miaka kumi na miwili sasa, bado inaliwa. Ikiwa siagi inadumu hivyo, ua lililokwisha kukauka litadumu mpaka kiama. Nilimwomba mtungi, akanipa. Nikajaza, nikaziba mdomo kwa udongo, nikafukia nyuma ya zizi. Sijaugusa tangu siku hiyo. Mwanamume hachungulii.

Leo mgahawani Buzian kaniuliza mbele ya watu kama maiti wangu hajambo huko kaburini. Watu wakacheka. Nikamwambia maiti wangu ana nguvu kuliko walio hai kabatini kwake. Tukawekeana dau: mshindi abebewe samadi na walioshindwa, mgongoni, mpaka konde lake la juu kabisa. "Awe nani awaye, na bila nyumbu," nikaongeza mimi mwenyewe, kama wakili. Tumepeana mikono, wazee watatu mashahidi. Maskini Buzian!

Ijumaa, 11 Aprili

Baada ya sala tulikula kuskus, ngano ya mvuke yenye samli, kwa kina Buzian. Alipotoka kumimina chai nikafungua kabati. Jamani! Maua yake yamekauka yamekuwa kama majani ya chai. Nilibonyeza moja likawa unga. Kisaa kinasema arobaini na moja. Kufungua fungua kwake kwa wageni kumemmaliza!

Nilitaka kuondoka na furaha yangu. Lakini mimi ni mtu wa kumaliza kazi. Wazee husema unyevu huzaa ukungu, na ukungu ni adui namba moja. Kwenye sinia palikuwa na machungwa. Nikayamenya mawili, nikatia kipande cha ganda mbichi chini kabisa katika kila chupa, nikafunika. Machungwa yenyewe nikayala, ili kuharibu ushahidi.

Buzian aliporudi akasema nina hamu ya matunda siku hizi. Nikamwambia ni afya.

Jumapili, 13 Aprili

Balaa!

Buzian kapita kijiji kizima akipiga kelele "sitini, sitini!" Kisaa kimepanda. Maua yamekuwa laini, ukiyabonyeza yanarudi yenyewe kama mkate wa asubuhi. Anasema ni matunda ya subira na hesabu. Kanikumbatia! Kaniambia nisihuzunike, kila mtu na riziki yake, na kwamba konde lao la juu si mbali kihivyo.

Yaani mimi, kwa mkono wangu, nimemfufulia maua yake.

Sijali. Kesho nafukua. Mtungi wangu utawanyamazisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefukua. Udongo wa mdomoni haujapasuka hata kidogo. Nikabandua, nikachungulia: kijani, kijani safi, kama siku ya kwanza! Nikaruka. Nikambusu nyumbu.

Kisha nikanusa.

Samli. Na si samli ya juzi. Samli yenye umri wa kuoa. Nikatia pua tena, labda ni mimi. Si mimi. Ua baada ya ua, samli. Kwa mbali sana, nyuma ya mbuzi mzima, unasikia kabangi kanaomba msaada.

Nikamkimbilia Bibi, alikuwa akimenya maharagwe mabichi. Nikamuuliza mtungi ule ulikuwa na nini zamani. Akasema samli, miaka ishirini. Nikamuuliza kwani hakuuosha? Akasema aliuosha mara tatu kwa majivu, lakini udongo unakunywa, na ukishakunywa hausahau. Nikapandisha sauti: sasa mbona hakuniambia?

"Uliomba mtungi, mjukuu wangu. Hukuomba ushauri."

Akaendelea na maharagwe yake.

Jumanne, 15 Aprili

Siku ya mikakati! Nimeamka kabla ya jogoo.

Mkakati wa kwanza: jua. Nimetandaza maua yote juu ya paa kwenye shuka ili harufu iruke. Kufika adhuhuri iliyoruka ni rangi. Kijani kimegeuka rangi ya nyumbu wetu. Samli nayo ilipopata joto ikaamka vizuri zaidi. Paka wakaja. Nimewahesabu saba. Mmoja akajilaza katikati akanitazama kama mimi ndiye mgeni.

Buzian kapita chini akauliza kama chakula kiko tayari au arudi baadaye. Nikamwambia hii ni hatua ya mwisho ya utaalamu, hawezi kuelewa.

Mkakati wa pili: nanaa. Nimechanganya mashada mawili, nikarudisha kila kitu mtungini. Sasa inanuka samli iliyokunywa chai.

Mkakati wa tatu, huu ndio wenyewe! Sitaficha. Nitamwambia mtaalamu kwamba hii ni aina mpya, harufu ya urithi wa milimani, haipatikani popote. Nimeifanyia mazoezi hotuba mbele ya nyumbu. Hakupinga.

Jumatano, 16 Aprili

Nitaandika yote.

Ukumbi wa ushirika ulijaa. Mtaalamu, Bi Ghizlan, katoka kiwandani na glavu nyeupe na kioo cha kukuzia. Chupa za Buzian zikawa za kwanza. Buzian kasimama kifua mbele, daftari kwapani. Bi Ghizlan akamimina ya kwanza kwenye karatasi. Pu! Kipande cha ganda la chungwa, na ganda lina ndevu. Ukungu mweupe, na kijani kidogo pembeni. Ya pili, ganda. Chupa sita, ndevu sita. Bi Ghizlan akasema ukungu kwa mgonjwa ni sumu, na kwamba hata bila ukungu maua haya hayana tena harufu yao, yana ya chungwa tu. Buzian akatazama maganda. Akanitazama mimi. Akautazama mdomo wangu. Mimi nikatazama dari. Dari nzuri, ina mbao kumi na nne.

Zamu yangu! Nikatoa hotuba. Urithi, milima, mababu. Bi Ghizlan akafungua mtungi, akarudi nyuma hatua mbili. Si Lyazid yeye akasogea, akafumba macho, akamtaja marehemu mama yake. Machozi yakamlengalenga. Kisha akauliza kuskus iko wapi.

Bi Ghizlan aliandika kitu kwenye fomu. Nilichungulia. Neno moja: "Chakula."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia Bibi Tlaitmas na soksi.

Soksi ya sufu, nyeusi, ya marehemu babu. Akauliza kama shindano ni la wenye kibali au la wenye midomo. Si Lyazid akasema ni la wenye kibali, mama yetu. Bibi akasema basi kibali kimeandikwa jina lake, na konde ni lake, huyu mjukuu ni wa kupiga kelele tu. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko! Kutoka ndani ya soksi akatoa chupa ndogo ya jemu.

Kumbe Oktoba alichukua konzi mbili kutoka gunia lile lile nililojazia mtungi, akangoja mpaka kijiti cha ua kikivunjwa kinalia tak. Wiki mbili za mwanzo alifungua chupa kila siku ipumue. Kisha akaifunga kabisa, soksi juu kwa ajili ya mwanga, akaitia katika tundu la ukuta wa kaskazini, pasipofika jua. Hakuifungua tena. Hakumwonyesha mtu.

Bi Ghizlan alinusa, akanusa tena. Akasema yananukia msonobari na ndimu, kama vile yameshushwa kambani jana.

Ufunguo kakabidhiwa Bibi. Kaufunga kwenye mshipi wake mwekundu. Alipotoka ulilia cheng, cheng. Mbwa wa Buzian alisimama.

Alhamisi, 17 Aprili

Samadi.

Nilidhani dau limekufa. Wazee watatu wakaja alfajiri kunikumbusha: mshindi, awe nani awaye. Walioshindwa ni wawili. Konde la juu kabisa la kijiji ni la nani? La Bibi! Bila nyumbu. Nyumbu alikuwa kivulini akila majani, akitutazama tunavyopita.

Buzian hakunisemesha mpaka safari ya tatu. Ndipo akauliza kama yale machungwa yalikuwa matamu. Nikamwambia yalikuwa makali. Akacheka, hakutaka lakini akacheka. Kisha akahamishia nusu ya kikapu chake kwenye changu.

Bibi alikuwa amekuja na kile kiti cha ghala. Amekaa juu kondeni, anatuonyesha pa kumwaga.

Jumamosi, 19 Aprili

Mgongo umekwisha, lakini kichwa kinawaka! Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye mtungi!

Bi Ghizlan alisema maadui ni mwanga, joto, hewa na unyevu. Nimefikiri usiku kucha. Mahali gani kijijini hapa hapana mwanga wala joto, mwaka mzima? Kisimani! Nateremsha maua mpaka chini kabisa, nafunga kamba, basi. Unyevu nitaushughulikia baadaye, ni adui mmoja tu kati ya wanne.

Si Lyazid kathibitisha shindano litarudiwa Aprili ijayo. Nimeshaweka dau na Buzian. Samadi, konde la juu, bila nyumbu. Alikubali haraka mno, maskini.

Jioni nimekwenda ghalani kumwomba Bibi ndoo yake ya kulowekea zeituni. Akanipa. Akaniuliza kama nataka na ushauri.

Nikamwambia asante, ndoo inatosha.