Faili Lililokataa Kufungwa

Jumatatu, 6 Novemba
Don Aníbal anastaafu Ijumaa. Kiti cha mkuu wa kompyuta hapa ushirika wa maziwa wa Paysandú ni changu au cha Mirtha Bentancor. Miaka kumi na moja nimekaa karibu na choo. Nakitaka kiti hicho mpaka naumwa! Mtihani wenyewe: ripoti za maziwa ziende zenyewe kutoka kompyuta zetu za Windows hadi seva ya Montevideo, kwa zana za Unix, mfumo unaotumiwa na seva hiyo. Atakayeigundua njia ndiye mkuu.

Nimekwama asubuhi hiyo hiyo. Seva imeukataa ufunguo wangu, yaani lile faili la kunitambulisha. Eti liko wazi mno, kila mtu anaweza kulisoma. Nikatoa amri ya kulifunga. Kompyuta kimya. Basi imetii.

Shajara hii nayo nimeifunga kwa amri ileile. Naiweka kwenye diski ya pamoja ya ofisi, mahali ambapo hakuna atakayeshuku. Sasa naweza kusema kweli: yerba ya Mirtha, ile chai chungu tunayokunywa kwa zamu kutoka kibuyu kimoja, ni maji ya tambi, na Don Aníbal anapaka nywele rangi ya viatu.

Jumanne, 7 Novemba
Kibuyu cha yerba kimezunguka ofisi nzima, mimi kimeniruka. Mara tatu! Nilipouliza, Mirtha akajibu kwamba alidhani sipendi maji ya tambi. Ajabu, maneno yangu kabisa. Watu wenye akili hufikiri sawa.

Ufunguo bado. Nimetoa amri mara tisa. Kompyuta haibishi, lakini nikilitazama faili, liko wazi vilevile. Jeuri gani hii?

Mpango: kesho saa nne Mirtha akienda kununua keki za siagi, nitapita kwenye kompyuta yake nifute ufunguo wake.

Jumatano, 8 Novemba
Hakwenda! Alikaa kitini, mikono kifuani, akanituma mimi. "Nenda wewe, Wilmar, leo miguu inaniuma. Na za jibini usisahau." Don Aníbal akacheka mpaka akakohoa. Sikuona cha kuchekesha.

Niliporudi nikaamua kulifunga faili kwa njia ya Windows yenyewe. Orodha ya wenye ruhusa ikafunguka, nikafuta jina mojamoja. Wote nje! Na mimi nje. Faili halikumjua tena mtu yeyote, hata aliyelitengeneza. Ikabidi nimwite Mirtha. Aibu niliyoiona!

Alilirudisha kwa dakika moja huku akimimina yerba. Akanieleza kwamba ruhusa za Unix hazishiki kwenye diski za Windows, amri nitaitoa mpaka niote mvi. Nihamishie ufunguo upande wa Unix. "Lakini chochote unachoacha kwenye diski ya pamoja, Wilmar, nasema chochote, kila mtu anakisoma." Akanitazama sana. Nadhani ananipenda. Nikasema asante, kumbe alikuwa ameninyooshea kibuyu. Hapa kwetu ukipewa kibuyu ukasema asante, maana yake umetosheka. Akakirudisha.

Alhamisi, 9 Novemba
Nimeuhamisha. Seva imekubali! Ripoti zimefika Montevideo saa tano kamili. Kesho saa tatu namwambia Don Aníbal kwamba njia nimeigundua mwenyewe, kwa kutafakari. Mirtha hana ushahidi. Hotuba tayari.

Ijumaa, 10 Novemba
Don Aníbal alinisubiri mlangoni. Nywele nyeupe pe! Kabla sijafungua mdomo akasema hotuba yangu anaijua, na aliyeigundua njia anamjua pia. Kiti amepewa Mirtha. Nilijiuma mdomo nisilie. Mirtha hakunisimanga. Alinisogezea kibuyu cha kwanza, cha moto, kikali. Safari hii sikusema asante.

Sasa nimefungua shajara na chini ya Jumatatu nimekuta mstari ambao si wangu: "Je, yerba ya leo imekolea? M."

Mtu ameingia humu! Ofisi hii ina wapelelezi. Mirtha alinionya juu ya diski ya pamoja, sawa, lakini yeye alikuwa anazungumzia ufunguo.

Nimetoa amri ya kuifunga tena shajara, mara mbili kwa usalama. Kompyuta haikulalamika. Sasa naweza kuandika kwa amani: Jumatatu saa nne, Mirtha akienda kununua keki, nitalegeza skrubu za kiti kile.