Mbuzi Waliosomea Naivasha

Maundu alisimamisha pikapu yake kando ya barabara ya Masii, na si kwa sababu ya pancha. Ng'ambo ya ua, katika mtaa wa kitajiri wa Ivuso Gofu, nyasi za uwanja wa gofu zilikuwa zimefika magotini, kwa kuwa kampuni ya kuzikata ilikosana na wenye nyumba ikaondoka na mashine zake. Huku nje, kwenye vumbi la kiangazi, mbuzi zaidi ya mia wa Abukar, mfanyabiashara wa mifugo, walikuwa wamebana midomo kwenye waya, wakila kwa macho.

Mtu mwenye huruma angewaonea mbuzi imani. Maundu alipangusa viatu vyake, akamwendea mwenyewe.

"Mzee Abukar, hii gofu nimekodi mimi."

"Yote? Wallahi?"

"Mashimo kumi na nane. Lakini wewe ni rafiki, nitakuachia ulishe kwa bei ya urafiki."

Bei ya urafiki ikalipwa papo hapo. Kisha Maundu akavaa tai, akaingia ofisini kwa Bi. Mueni, mwalimu mstaafu wa hesabu na mwenyekiti wa wenye nyumba, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amepigiwa simu tatu kuhusu nyoka.

"Mashine zinaumiza mizizi, mwalimu," Maundu alisema kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya. "Siku hizi tunatumia mbuzi. Wanakata, wanaweka na mbolea. Ila lazima wawe wamefunzwa."

"Wamefunzwa wapi?"

"Naivasha."

Bi. Mueni alimtazama juu ya miwani, muda ambao zamani ulitosha kumfanya mwanafunzi aungame. Maundu hakuungama. Akapewa kazi ya majaribio, na malipo ya wiki moja.

Hivyo Maundu akawa analipwa na mwenye mbuzi na mwenye nyasi. Kazi yake ilikuwa kukaa kivulini akimsifu Mungu kwa kuumba watu na mbuzi kwa pamoja.

Siku ya tatu, Bi. Mueni alishuka uwanjani na chupa ya chai, akamkuta Abukar akichunga.

"Abukar, ni kweli hawa wamesomea Naivasha?"

Abukar alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Mama, hawa wametoka Garissa Jumapili. Hata mimi mwenyewe sijasoma!"

Wakanywa chai, wakaambiana nani amemlipa Maundu nini na kwa ajili gani. Chupa ilipokwisha walikuwa wameelewana: mbuzi wataendelea kula bure, nyasi zitaendelea kukatwa bure, na Maundu asiambiwe kitu.

Ijumaa akaitwa ofisini.

"Wenye nyumba wamefurahi sana," alisema Bi. Mueni. "Tunataka mkataba wa mwaka mzima. Ni lazima uweke dhamana, basi. Hata pikapu inatosha."

Mwaka mzima! Maundu alisikia mate yakimjaa mdomoni. Kurasa zilikuwa nne, za Kiingereza kizito, na yeye alikuwa mtu wa kuwafanya wenzake watie sahihi, si wa kusoma. Akatia sahihi, akakabidhi kitabu cha umiliki wa gari.

"Sasa nikusomee ukurasa wa tatu," Bi. Mueni alisema, akirudisha miwani puani. "Mbuzi ni mkataba wetu na Abukar. Wewe kazi yako ni kuokota kinyesi chote, kwa mkono, mashimo yote, kila siku kabla ya saa nne. Mshahara ni wa kibarua. Ukiacha, pikapu ni yetu."

"Aiya! Mwalimu, mbuzi mia!"

"Mia na arobaini. Nimewahesabu."

Jumatatu wachezaji walipofika, walimkuta ameinama shimo la saba, ndoo mkononi, tai imetupwa begani isichafuke. Mpira ulitua karibu, katikati ya vile vidonge vyeusi, naye akaagizwa kwa adabu auokote na kuupangusa. Barazani, Bi. Mueni alikuwa akimmiminia Abukar chai.

"Maundu!" Abukar alimwita, kwa upendo kabisa. "Leo lala mapema, ndugu yangu. Kesho naleta ngamia."