Nafasi Moja ya Uzamivu Ulaya

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye! Nimewaandikia maprofesa wa Ulaya hadi vidole vikafa ganzi, na leo mmoja anataka kunisaili. Uzamivu, utafiti wa wadudu wa ghalani, karo na posho juu yao. Niliingia maabara kifua mbele. Jirani, dada tunayegawana naye meza na wale fukusi wanaotoboa mahindi, akaniwahi: naye ameitwa. Nafasi ni moja. Nikampongeza kwa meno yote thelathini na mawili. Moyoni, ole wangu!

Jumanne, 4 Machi
Sikulala. Jirani ana akili kunishinda. Hilo nalisema humu tu. Mama kaona sili, kauliza kulikoni. Nikamweleza. Akasema huyo msichana namtaja asubuhi, namtaja jioni, kwa nini nisimwambie mwenyewe? Mama naye! Namzungumzia Ulaya, yeye ananiletea habari za posa. Nikamjibu acha kwanza niwe daktari wa falsafa, mengine yatafuata. Akaguna, akaondoa sahani.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu nimepata! Jirani hajawahi kusailiwa, akaniomba nimnoe. Nikamwambia Wazungu hawataki majivuno: swali likiwa gumu, aseme hajui. Tena asisahau kueleza lile jaribio lililoharibika, fukusi wote walipokufa kwa sababu hakutoboa vifuniko vya chupa. Akauliza, kweli hilo litamsaidia? Nikaapa. Akanishukuru, akanimenyea chungwa. Nikalimaliza na mbegu zake.

Ijumaa, 7 Machi
Usaili, kwa kompyuta ya maabara. Nilianza mimi. Profesa akauliza ni kosa gani limewahi kunifundisha jambo. Nikajibu sijawahi kukosea. Akauliza kuhusu unyevu wa nafaka, swali ambalo sikulielewa hata kidogo. Nikalijibu kwa kirefu mno. Hakuandika kitu. Akaingia Jirani, nami nikatega sikio mlangoni. Nikamsikia akisema hajui. Akasema tena. Kisha vicheko. Profesa anacheka! Nikajua amekwisha. Nikaenda kujinunulia soda.

Alhamisi, 13 Machi
Amechukuliwa yeye.
Mimi nimeambiwa wasifu wangu unavutia na nikatakiwa kila la heri. Jirani anasema Profesa alimsifu kwamba kati ya wote, ndiye pekee aliyekiri kosa na kueleza alivyolirekebisha. Alinikumbatia akilia, eti bila mimi asingepata. Mchimba kisima huingia mwenyewe! Nikaenda chooni, nikafungulia bomba, nikalia. Nilijiambia nalilia Ulaya.

Jumatatu, 24 Machi
Jirani alinibakiza baada ya kazi. Akasema anaweza kuomba kuanza mwezi wa tisa. Akauliza kama mimi nina sababu yoyote ya kumtaka angoje. Akanitazama. Maneno yakafika kwenye ulimi. Lakini kichwa hiki! Kilishapiga hesabu: akifika mapema, ataniombea nafasi mapema. Nikamwambia aende, asichelewe hata siku moja. Akainama, akaendelea kufuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Jumamosi, 5 Aprili
Ameondoka. Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Nikambebea begi, nikamkabidhi nakala za wasifu wangu, kubwa ya Profesa, ndogo ndogo za yeyote atakayemkuta. Akazipokea, akasema sawa. Hakugeuka nyuma. Nyumbani Mama alinipakulia, akakaa kando yangu mpaka chakula kikapoa. Nimeumia, jamani.

Jumatano, 16 Aprili
Jirani ameniandikia! Huko baridi kali, maabara nzuri, watu wakarimu ila jioni kila mtu kwake, naye hana wa kuongea naye. Anauliza naendeleaje, mimi mwenyewe, siyo fukusi.
Nimemjibu palepale. Fukusi wazima. Kosa langu siku ile ya usaili nimeshaligundua: ni ile tai, ilikuwa na madoadoa, sasa nimepata ya rangi moja. Amuulize Profesa lini nafasi nyingine itatoka, na barua yangu amwoneshe ajionee ninavyoandika. Nilikuwa nimeweka na mstari kwamba meza imekuwa kubwa mno, nimemkumbuka, arudi hata kwa likizo. Nimeufuta. Profesa akiusoma, atadhani sina nia ya dhati na utafiti.